Reli za mfano: Uzee unaoundwa kwa mikono

Mtu akionyeshwa picha ya garimoshi lililogubikwa na masizi, likikokota mabehewa yenye kutu juu ya daraja la mbao lililopita korongo refu, huenda asitambue kwamba garimoshi hilo linaweza kubebwa kiganjani na kwamba majabali ya korongo hilo ni plasta iliyopakwa rangi. Kumfanya mtazamaji asitambue ndilo lengo la mafundi wa reli za mfano.

Reli ya mfano si treni ya kuchezea, ingawa chimbuko lake ni hilo. Treni ya kuchezea huzunguka duara moja sakafuni, iking'aa kama ilivyotoka dukani. Reli ya mfano huiga reli ya mahali fulani na ya wakati fulani, ikiwa na vituo, maghala, madaraja na milima yake, na kila kilichomo hupunguzwa kwa kiwango kimoja. Sanaa hii ilistawi zaidi Marekani na Ulaya. Jarida la Model Railroader lilianza kuchapishwa nchini Marekani mwaka wa 1934, na mwaka uliofuata chama cha kitaifa cha mafundi hao kikaundwa. Miongoni mwa kazi zake kuu ilikuwa kuweka vipimo vya pamoja ili magurudumu ya kiwanda kimoja yaweze kupita kwenye reli za kiwanda kingine bila kuanguka.

Kipimo kinachotumiwa zaidi ulimwenguni huitwa HO, ambapo kitu halisi hupunguzwa mara 87. Kwa msomaji wa Kenya, hesabu yake ni rahisi kuikadiria. Reli ya kisasa ya kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka wa 2017, ina upana wa milimita 1,435 kati ya chuma na chuma; ikipunguzwa mara 87 hubaki milimita 16.5, na huo ndio upana wa kawaida wa njia za HO. Reli ya zamani ya Uganda, yenye upana wa mita moja, huhitaji njia ya takriban milimita 12. Nalo garimoshi la aina ya 59, lile dubwana jekundu lenye urefu wa takriban mita 32 ambalo mfano wake umehifadhiwa katika Makavazi ya Reli jijini Nairobi, lingekuwa na urefu wa kama sentimita 36 tu.

Aliyewafunza wengi kwamba treni ya mfano inafaa kuonekana imechakaa ni Mmarekani John Allen. Alizaliwa mwaka wa 1913 na akawa mpigapicha kwa taaluma. Mwaka wa 1946 alianza kujenga reli ndogo ya futi 4 kwa 7 hivi, akaipa jina la Gorre & Daphetid. Jina hilo ni la mzaha: likitamkwa kwa Kiingereza husikika kama maneno yenye maana ya 'kutapakaa damu na kushindwa'. Baadaye alihamia nyumba nyingine mjini Monterey, California, akaanza kuijaza orofa yake ya chini kwa milima iliyotoka sakafuni hadi darini. Ile reli ndogo ya kwanza hakuitupa. Aliiingiza ndani ya ile kubwa ikawa sehemu yake mojawapo. Aliweka vioo pembeni ili bonde lionekane halina mwisho. Ucheshi wake pia haukumtoka, kwani kwenye uwanja mmoja wa treni kazi ya kusukuma mabehewa ilifanywa na mnyama wa kale wa jamii ya dinosau aliyeitwa Emma.

Jicho la mpigapicha ndilo lililomtofautisha. Kamera haina huruma kwa rangi inayong'aa. Behewa la plastiki likipigwa picha kwa karibu huonekana plastiki. Picha za Allen zilipochapishwa majaridani, zikionyesha paa zilizobonyea, mbao zilizopauka na mabehewa yaliyokula vumbi, mafundi wengi waliona kwa mara ya kwanza kwamba uchafu ukiwekwa kwa akili huleta uhai.

Kazi yenyewe huanzia kwenye fremu ya mbao. Fremu ikipinda, kila kilicho juu yake hupinda pia, na treni haisamehi. Juu yake hutandazwa plaiwudi iliyokatwa kufuata njia, kisha mataruma na vyuma vya reli. Hapa ndipo fundi analazimika kusema uongo wake wa kwanza. Kona ya reli halisi yenye nusu kipenyo cha mita 300 ingehitaji karibu mita tatu na nusu ikipunguzwa mara 87, na chumba cha kawaida hakina nafasi hiyo. Wengi hutosheka na sentimita 60 au 75, halafu huificha kona hiyo nyuma ya mlima au ndani ya handaki ili jicho lisiione yote kwa pamoja. Mpando nao una masharti. Ili njia moja ipite juu ya nyingine, huhitajika nafasi ya kama sentimita 7.5, kwa mwinuko wa asilimia mbili, treni itasafiri karibu mita nne kabla ya kufika kimo hicho. Anayetaka kufupisha safari huongeza mwinuko, kisha hushangaa garimoshi lake likikwama na mabehewa manane.

Umeme hupitia kwenye vyuma vyenyewe vya reli. Fundi makini hulehemu nyaya kutoka chini ya meza hadi kwa kila kipande cha njia, maana viungio vya reli hulegea na kushika kutu. Zamani njia iligawanywa katika sehemu nyingi, kila moja na swichi yake, ili injini mbili zisiende pamoja pasipo kutakiwa. Tangu miaka ya 1990 umeenea mfumo wa dijitali ambapo kila injini hubeba kifaa kidogo kinachotambua amri zake pekee, hivyo treni tano zinaweza kuwa kwenye njia moja na kila moja ikamtii dereva wake.

Milima ni mepesi kuliko inavyoonekana. Vipande vya katoni husukwa kama wavu, juu yake hutandazwa karatasi za kupangusia zilizochovywa katika plasta, na zikikauka huwa ganda gumu. Majabali hutengenezwa kwa kupaka mpira wa maji juu ya mwamba halisi, kuubandua ukishakauka, kisha kumimina plasta ndani ya kalibu hiyo. Wino mweusi uliozimuliwa kwa maji mengi hupakwa juu. Hujikusanya kwenye nyufa na kuacha vichomozo vikiwa vyeupe, kama jua lifanyavyo. Kokoto za kando ya njia hushikiliwa kwa gundi nyeupe iliyozimuliwa, na tone moja la sabuni ya vyombo huongezwa humo. Bila sabuni gundi husimama juu ya kokoto kama maji juu ya jani la mgomba.

Ndipo huja uzeeshaji, na hapa wengi huteleza. Kosa la anayeanza ni kudhani kwamba uzee ni uchafu, akachukua rangi ya kahawia na kuipuliza sawasawa juu ya mabehewa yote. Matokeo yake ni msafara wa mabehewa kumi yaliyochovywa katika pipa moja la matope. Reli halisi haichakai hivyo. Kila alama ina kisa chake, na fundi hana budi kukijua kisa kabla ya kushika brashi.

Mathalani, garimoshi la mvuke huwa na masizi sehemu ya juu, karibu na bomba la moshi, wala si ubavuni. Michirizi myeupe chini ya vali za usalama hutokana na chumvi za maji yaliyochemka. Kwenye magurudumu na vyuma vinavyoyazungusha, mafuta hung'aa huku vumbi likinata kandokando. Behewa la kubebea saruji huwa na michirizi ya kijivu kutoka kwenye mifuniko yake. Mabehewa ya mifugo nchini Marekani yaliwahi kuwa na madoa meupe upande wa chini, kwa sababu yalipakwa chokaa ya kuua viini baada ya ng'ombe kushushwa. Behewa la makaa ya mawe hukwaruzika ndani kwanza, kisha kutu huanzia pale rangi ilipotoka. Sehemu ya chini ya kila behewa hushika rangi ya ardhi linakopita; treni inayopita jangwani haiwezi kuwa na vumbi sawa na inayopita msituni.

Mbinu zenyewe ni chache na vifaa vyake ni rahisi. Rangi ya asili hufifishwa kwa kuongezwa nyeupe kidogo, kwa kuwa jua hupausha. Kisha hufuata maji ya rangi nyeusi au ya udongo, ambayo hupakwa na kupanguswa mara moja ili yabaki kwenye mifereji pekee. Baadaye brashi iliyokaribia kukauka hupitishwa juu ya kingo na misumari ili zitokeze. Mwishowe chaki iliyosagwa kwa msasa hupakazwa kuwa vumbi, masizi au kutu. Mbao mpya hupata ukijivu wa miaka mingi kwa kupakwa siki iliyolowekwa nyuzi za chuma. Rangi ya kupuliza isiyong'aa huhifadhi kazi yote, lakini hufifisha vumbi la chaki, na ndiyo maana aghalabu chaki hupakwa kupita kiasi kidogo kabla ya kufunikwa.

Bora kabisa ni kutazama picha ya behewa halisi la enzi inayohusika na kuiga kilichomo. Akili ya binadamu ikiachwa yenyewe hupenda mpangilio, ilhali kutu haina mpangilio. Tena, si kila kitu kinapaswa kuwa kikuukuu. Behewa moja lililopakwa rangi upya katikati ya msafara wa machakavu huwapa wenzake umri.

Hata hivyo, reli iliyojengwa vizuri na kuachwa isimame ni picha tu. Frank Ellison, aliyeandika mfululizo wa makala kuhusu sanaa hii mwaka wa 1944, aliifananisha na tamthilia: mandhari ni jukwaa, treni ni wahusika, na ratiba ndiyo mchezo wenyewe. Kwa mtazamo huo, treni haizunguki tu. Inatoka mahali ikiwa na mzigo wa mtu fulani, na inapaswa kufika kabla ya nyingine kupita. Mwaka wa 1961, Doug Smith alieleza mfumo wa kadi ambapo kila behewa lina kadi yake na hati ya shehena inayosema linatoka wapi na linakwenda wapi. Mfumo huo ungali unatumika katika vyumba vingi.

Jioni ya uendeshaji hukusanya watu kadhaa. Mmoja hudhibiti safari zote na kutoa ruhusa, wengine ni madereva, mwingine hupanga mabehewa uwanjani. Kwa sababu kilomita moja kwa kipimo cha HO ni mita 11.5 pekee, saa ya ukutani huharakishwa ili siku nzima iishe kwa saa chache. Mwendo lakini hauharakishwi: treni ya kilomita 60 kwa saa inapaswa kupita sentimita 19 kwa sekunde, polepole kuliko wageni wanavyotarajia. Adui mkubwa wa jioni kama hiyo ni vumbi la kweli. Ni kejeli kwamba fundi anayetumia wiki nzima kupaka vumbi bandia hulazimika kusugua vyuma vya reli kwa spiriti ili umeme upite.

Allen mwenyewe alikuwa na kundi la marafiki waliomjia kuendesha treni zake kwa utaratibu wa kazi. Ndiye pia aliyebuni Timesaver, fumbo la kibao chenye njia chache fupi ambapo mchezaji hupanga mabehewa upya kwa muda mfupi iwezekanavyo. Fumbo hilo lilichapishwa mwaka wa 1972.

Alifariki Januari 1973, reli yake kubwa ikiwa bado haijakamilika. Siku kama kumi baadaye moto ulizuka katika nyumba hiyo na kuteketeza sehemu kubwa ya Gorre & Daphetid. Kilichobaki ni vipande vichache na picha zake nyingi, ambazo Linn Westcott, aliyewahi kuwa mhariri wa Model Railroader, alizikusanya katika kitabu kilichotolewa mwaka wa 1981 baada ya Westcott naye kuaga dunia.

Msiba huo ulikuwa wa aina yake, lakini hatima ya reli nyingi za mfano haitofautiani sana. Milima iliyojengwa kwa kushikamana na kuta haiwezi kuhama, na mwenyewe anapofariki au kuuza nyumba, jamaa huita watu wa kubomoa. Ndiyo sababu mafundi wengi leo hujenga kwa vipande, kila kimoja kikiwa meza inayojitegemea yenye nyaya zake, vikiunganishwa kwa skrubu. Kwenye maonyesho, vipande vya watu tofauti huungwa vikawa reli moja ndefu. Kipimo cha kwanza kinachochukuliwa, kabla hata ya kununua mbao, ni upana wa mlango.