Vyombo vya anga vya kuchezea: Bei iko kwenye kilichopotea

UKUSANYAJI wa vyombo vya anga vya kuchezea, vilivyotokana na hadithi za kubuni za kisayansi, ulianza kama mapenzi ya watu wazima kwa vitu vya utoto wao. Leo ni biashara yenye minada, wakadiriaji wa thamani na, kama ilivyo kila palipo na fedha nyingi, waghushi. Vyombo vinavyotafutwa zaidi ni vile vilivyotengenezwa Marekani, Japan na Uingereza tangu miaka ya 1930 hadi katikati ya miaka ya 1980.

Anayeingia katika shughuli hii kwa mara ya kwanza hudhani kuwa umri ndio unaopandisha bei. Sivyo. Vingi kati ya vichezeo hivi viliuzwa kwa wingi mkubwa, na vingine bado vimejaa katika maghala na madari ya nyumba. Kilicho adimu ni chombo kilicho kamili: chenye makombora yake, kifuniko cha betri, stika na boksi lililotoka nalo dukani. Kwa hiyo mkusanyaji hulipia hasa vile ambavyo watoto walivipoteza na wazazi wakavitupa.

Enzi ya bati

Chimbuko la vichezeo hivi ni Buck Rogers, mhusika aliyetokea kwanza katika jarida la hadithi nchini Marekani mwaka 1928, kisha katika katuni za magazeti mwaka 1929. Mwaka 1934 kampuni ya Louis Marx ya New York ilitoa roketi yake ya bati yenye urefu wa takriban sentimita 30. Ilikwenda kwa springi iliyojazwa kwa ufunguo, huku ikitoa cheche mkiani.

Rangi na michoro ya vichezeo vya aina hiyo ilichapishwa juu ya bamba la bati kabla halijakatwa na kukunjwa. Ndiyo maana mkwaruzo katika kichezeo cha bati hautengenezeki bila kuacha alama, na kilichopakwa rangi upya hushuka bei badala ya kupanda.

Mwaka 1937 vichezeo vya Tootsietoy, vilivyotengenezwa Chicago, viliingia sokoni na vyombo vidogo vya Buck Rogers vya aloi ya zinki. Juu ya kila kimoja kulikuwa na vijigurudumu viwili vyenye mfuo, ili kipite juu ya uzi uliofungwa kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine. Chombo kisicho na vijigurudumu hivyo huhesabiwa kuwa pungufu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Japan ndiyo iliyotawala soko. Viwanda vyake vilianza upya katika umaskini mkubwa, vikitumia hata makopo matupu ya chakula yaliyoachwa na askari wa Marekani. Tangu mwaka 1947 nyingi kati ya bidhaa zake za kuuza nje zilionyesha kuwa zimetengenezwa Japan iliyokaliwa, hadi ukaliaji ulipokwisha mwaka 1952. Kichezeo chenye maneno hayo, kama ni halisi, kwa hiyo kina umri unaojulikana.

Katika miaka ya 1950 na 1960 Wajapani waliongeza mota za betri, taa na magurudumu yaliyogeuza njia yenyewe chombo kilipogonga ukuta. Vingi havina jina refu la kiwanda, bali herufi mbili tu. TM ni Masudaya, TN ni Nomura, SH ni Horikawa, na KO ni Yoshiya. Mkusanyaji wa bati huanza masomo yake kwa herufi hizo.

Televisheni na sinema

Nchini Uingereza, mchezo wa televisheni wa Thunderbirds, ulioanza kurushwa mwaka 1965, ulizaa moja ya vyombo vilivyopendwa zaidi. Mwaka 1967 Dinky Toys, chapa ya kampuni ya Meccano ya Liverpool, ilitoa Thunderbird 2 ya chuma, yenye miguu ya springi na behewa linalofunguka tumboni. Ndani yake kulikuwa na chombo kidogo cha plastiki cha rangi ya manjano, Thunderbird 4. Chombo hicho kidogo ndicho kilichopotea katika nyumba nyingi, na ndicho kinachoulizwa kwanza na mnunuzi.

Dinky hawakufuata televisheni kila mara. Chombo cha kushambulia adui katika mchezo wa UFO kilikuwa cheupe kwenye televisheni, lakini kile cha kuchezea kilitoka kikiwa cha kijani. Kwa hiyo rangi tofauti na ya mchezo wenyewe si lazima iwe dalili ya udanganyifu. Kiwanda cha Liverpool kilifungwa Novemba 1979.

Mabadiliko makubwa kuliko yote yaliletwa na filamu ya Star Wars, iliyotolewa Mei 1977. Kampuni ya Kenner ya Cincinnati ilikuwa na haki ya kutengeneza vichezeo vyake, lakini haikuweza kuvimaliza kabla ya Krismasi. Ikauza bahasha ya kadibodi yenye hati ya ahadi, na watoto wakapokea sanamu nne za kwanza mwaka uliofuata.

Uamuzi wa Kenner uliodumu zaidi ulihusu kimo. Sanamu zake zilikuwa na urefu wa sentimita 9.5 hivi, wakati sanamu nyingi za wahusika kabla yake zilikuwa kubwa mno kuingia katika chombo chenye bei ya kawaida. Kwa kimo hicho, rubani aliweza kuketi ndani. X-wing na TIE vilitoka mwaka 1978, na Millennium Falcon mwaka 1979. Falcon ndiyo mfano bora wa kichezeo kinachopungua polepole: dishi la rada, mzinga, meza ya mchezo na kijimpira cha mazoezi ya upanga, vyote ni vipande vinavyong'oka. Kenner iliendelea na vichezeo hivyo hadi mwaka 1985.

Kombora lililoua

Historia ya vichezeo hivi ina ukurasa wa msiba. Mwaka 1978 kampuni ya Mattel ilitoa vyombo vya mchezo wa televisheni wa Battlestar Galactica, kikiwemo Colonial Viper, vilivyorusha makombora madogo ya plastiki kwa springi. Mwishoni mwa mwaka huo mtoto mdogo nchini Marekani alifariki dunia baada ya kombora la aina hiyo kumkwama kooni. Januari 1979 Mattel iliviondoa sokoni, na matoleo yaliyofuata yalikuwa na makombora yaliyofungwa yasiweze kuruka.

Tukio hilo liliitikisa sekta nzima. Kenner nayo, iliyokuwa imetangaza sanamu ya Boba Fett yenye kurusha roketi kutoka mgongoni, iliacha mpango huo na kuitoa sanamu roketi ikiwa imegandishwa. Zilizobaki ni sanamu za majaribio tu, na mwaka 2024 mojawapo iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 500,000 za Marekani.

Hapo ndipo penye utata wa shughuli hii. Viper yenye uwezo wa kurusha kombora ndiyo inayotafutwa zaidi, kwa sababu ile ile iliyoifanya iondolewe madukani. Aidha, vichezeo vingi vya zamani vina rangi zenye madini ya risasi, ambayo ni sumu. Mwenye watoto nyumbani anapaswa kuviweka katika kabati lenye kufuli.

Vinavyoharibu

Kila malighafi ina adui yake. Bati huliwa na kutu, hasa katika hewa yenye unyevu au chumvi. Aloi ya zinki iliyochanganyika na risasi kiwandani hupasuka kutoka ndani, ikavimba na hatimaye ikamomonyoka; uharibifu huo huvikumba hasa vyombo vya miaka ya 1930 na hauna tiba. Plastiki nyeupe hugeuka manjano kwa mwanga wa jua. Wapo wanaoing'arisha kwa dawa ya haidrojeni peroksaidi, lakini manjano huweza kurudi.

Betri iliyosahauliwa ndani huvuja na kula vibati vya umeme. Kwa hiyo jambo la kwanza baada ya kununua chombo chochote cha betri ni kufungua kifuniko chake na kutazama.

Kuepuka kudanganywa

Hatari kubwa kwa mnunuzi wa leo ni vipuri vipya vinavyouzwa kama vya zamani. Makombora, stika na hata maboksi kamili huchapishwa na kutengenezwa upya. Hilo si kosa iwapo muuzaji analisema wazi. Asiposema, chombo pungufu huuzwa kwa bei ya chombo kamili.

Mwaka uliochapwa tumboni mwa kichezeo nao si ushahidi wa kutosha. Mara nyingi huonyesha mwaka wa hakimiliki au wa kalibu, si mwaka kilipotengenezwa. Kalibu ya zamani ya Millennium Falcon, kwa mfano, ilitumika tena vichezeo vya Star Wars viliporudi madukani mwaka 1995.

Mnunuzi makini huomba picha za kila upande, huuliza kwa maandishi kama vipande vyote ni vya asili, na hulinganisha na orodha ya vipande katika karatasi ya maelekezo ya chombo chenyewe. Bila orodha hiyo mkononi ni vigumu kujua kinachokosekana, na kinachokosekana ndicho kinachoamua bei.