Swali na Jibu: Darasa la Misheni Katoliki katika Nchi ya Songwe

Elimu katika nchi yetu haikuanza siku mmisionari alipofungua kitabu chini ya mti. Mtoto wa Kinyiha, wa Kinyamwanga au wa Kibungu alifundishwa shambani, malishoni na kando ya moto wa jioni, na waliomfundisha ndio waliomlea. Maneno haya yamesemwa mara nyingi, nayo ni ya kweli. Hata hivyo, yakikomea hapo hayatuelezi ni jambo gani hasa lililobadilika mtoto yule alipoketishwa darasani. Makala haya yanakusudia kulitazama badiliko moja tu miongoni mwa mengi, yaani ni nani aliyekuwa na haki ya kuuliza swali.

Eneo linaloitwa leo Mkoa wa Songwe, lililotengwa na Mkoa wa Mbeya, lilikuwa njia panda ya wamisionari tangu zamani za Wajerumani. Mkoa wenyewe ulizaliwa mwaka 2016, nao unaanzia mpakani Tunduma, unapita nyanda za juu za Mbozi na Ileje, kisha unateremka hadi bonde la Ziwa Rukwa. Katika pande hizo za bondeni, huko Mkulwe na Galula, ndiko Mapadre Weupe walikofungua vituo vyao kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Shirika lao lilikuwa limeanzishwa na Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, mwaka 1868, na kitovu cha kazi yao katika pande hizi kilikuwa Karema, ngome ya ufukoni mwa Ziwa Tanganyika waliyokabidhiwa mwaka 1885. Hawakuwa peke yao. Wamoravia walikuwa wameanza kazi Rungwe mwaka 1891, na baadaye wakafika Mbozi. Na ng'ambo ya mpaka, Mwenzo, Waskoti wa misheni ya Livingstonia walikuwa wakiwafundisha Wanyamwanga wa upande ule. Kwa sababu hiyo kila kibanda cha shule kilichojengwa kijijini kilikuwa pia alama ya kuonyesha ni dhehebu gani limetangulia kufika.

Shule ya Kikatoliki ilianza ikiwa tawi la mafundisho ya ubatizo. Lavigerie aliagiza kwamba mtu asibatizwe kabla ya kujaribiwa na kufundishwa kwa muda wa miaka minne. Miaka minne ni mingi, na mapadre walikuwa wachache, tena vijiji vilitawanyika. Aliyeibeba kazi hiyo mabegani mwake ni mwalimu katekista, Mwafrika, ambaye mara nyingi elimu yake mwenyewe haikuzidi sana ile ya wanafunzi wake. Padre alipita kwa ziara, mwalimu alibaki. Yeye ndiye aliyeongoza sala asubuhi, akafundisha silabi, akasimamia shamba la shule, akapatanisha waliogombana, na Jumapili akawakusanya watu kusali pale padre alipokuwa mbali. Historia zilizoandikwa zimewakumbuka maaskofu na mapadre kwa majina yao, lakini shule ya kijijini ilisimama juu ya mwalimu huyu.

Jengo lenyewe lilikuwa la miti na udongo, limeezekwa nyasi, na aghalabu lilikuwa kanisa siku ya Jumapili na darasa siku za kazi. Wazazi ndio waliokata miti na kukanda udongo. Watoto waliitwa kwa ngoma au kwa kipande cha chuma kilichoning'inizwa mtini. Waliketi juu ya magogo au sakafuni. Wadogo waliandika mchangani kwa kidole, na waliokwisha kuendelea walipewa kibao na kalamu ya jiwe. Kibao hakitunzi kumbukumbu. Kilichoandikwa saa hii hufutwa saa ijayo ili hesabu nyingine ipate nafasi. Hivyo mtoto alilazimika kuyatunza yote kichwani. Somo la kwanza lilikuwa dini, kisha zikafuata KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Baadaye nyimbo, usafi wa mwili na kazi ya jembe. Fimbo haikuwa mbali.

Namna ya kufundisha ilitokana na katekisimu. Kitabu hicho kimepangwa kwa maswali na majibu: mwalimu anauliza, wanafunzi wanajibu kwa pamoja, na jibu ni lile lile lililoandikwa, bila kuongeza wala kupunguza. Utaratibu huo haukubaki katika dini peke yake. Uliingia katika hesabu, katika jiografia, hata katika mafunzo ya kunawa mikono. Darasa zima liliimba silabi, likaimba jedwali la kuzidisha, likaimba majina ya mito. Aliyepita njiani aliweza kutambua kutokana na sauti hizo kwamba hapa pana shule.

Mtu aweza kusema kwamba jambo hili halikuwa geni kwa mtoto wa Kiafrika, maana vitendawili navyo ni maswali na majibu. Ulinganisho huo unafaa, lakini ndio unaotuonyesha tofauti. Katika kitendawili, anayetega hutangaza, na wasikilizaji humruhusu kwa kusema, "Tega!" Mtoto anaweza kumtegea babu yake. Babu akishindwa, hana budi kutoa mji, na mtoto anaupokea kwa maringo kabla ya kufumbua. Zamu huzunguka, aliyejibu sasa hutega baadaye. Katika darasa la katekisimu zamu haikuzunguka. Mwalimu aliuliza daima, mtoto alijibu daima. Mtoto aliyeuliza swali lisilokuwa kitabuni alihesabiwa kuwa mkaidi, na pengine mwalimu mwenyewe hakuwa na jibu la kumpa, kwa kuwa naye alifundishwa hivyo hivyo.

Hata hivyo si haki kuibeza njia hiyo bila kupima hali ya wakati ule. Vitabu vilikuwa haba, walimu walikuwa na wanafunzi wa umri mbalimbali katika chumba kimoja, na kukariri kulikuwa ghala pekee iliyokuwapo. Tena herufi zikishamwingia mtu hazikubali kufungwa katika kazi moja. Vijana wa pande hizi walikwenda kutafuta mshahara katika machimbo ya dhahabu ya Lupa na katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Barua zao zilipofika nyumbani, aliyeweza kuzisoma alikuwa mtoto wa shule. Wazee walimzunguka, wakamwuliza baba yake anasemaje, fedha amempa nani, atarudi lini. Mtoto aliyefundishwa kusoma ili apate kubatizwa akawa macho ya ukoo mzima. Huo ulikuwa ushindi wa wanakijiji wenyewe, na hapana aliyeupanga.

Lugha nayo ilikuwa na mambo yake. Katika siku moja mtoto wa misheni aliishi katika lugha tatu. Nyumbani alisema Kinyiha au Kinyamwanga. Darasani alisoma Kiswahili. Na katika Misa aliimba Kilatini, lugha iliyodumu katika ibada mpaka mageuzi ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliokutana kati ya mwaka 1962 na 1965. Lugha ya kwanza aliielewa yote, ya pili alijifunza polepole, na ya tatu aliitamka bila kuielewa. Miongoni mwa hizo, Kiswahili ndicho kilichomfungulia njia ya kutoka. Wanyamwanga ni watu wamoja waliokatwa na mpaka wa mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890. Watoto wa ndugu wawili, mmoja upande wa Tunduma na mwingine upande wa Nakonde, walijikuta wakipelekwa katika madarasa ya lugha mbalimbali: huku Kiswahili, kule Kibemba na Kiingereza. Shule, kama forodha, ilikuwa ikiwafundisha kuwa raia wa nchi mbili.

Baada ya Waingereza kuitwaa Tanganyika, serikali ilianza kuzitazama shule za misheni kwa makini zaidi. Tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki mwaka 1924. Mwaka uliofuata serikali na misheni zikakutana Dar es Salaam kuzungumzia elimu. Na sheria ya elimu ya mwaka 1927 ikaweka masharti ya ruzuku. Shule iliyofuata mafunzo ya serikali na kuwa na mwalimu mwenye cheti ilisaidiwa. Zile za katekista, zilizoitwa shule za porini, ziliachwa zijitegemee. Mwaka 1928 mjumbe wa Papa, Arthur Hinsley, aliwashauri wamisionari Wakatoliki mjini Dar es Salaam kwamba pale wasipoweza kutimiza kazi zote mbili, shule zitangulizwe kuliko hata majengo ya kanisa. Tangu hapo mkaguzi akawa mgeni wa kuogopwa kama padre. Swali la katekisimu likapata mwenzake, yaani swali la mtihani. Mtihani wa darasa la nne ukawa chekeche: wachache walipita, wengi walirudi shambani, na wasichana walikuwa wachache tangu mlangoni.

Yafaa tukumbuke pia kwamba wamisionari wenyewe walijua kuuliza. Padre Hamberger wa Mkulwe aliwahoji wenyeji juu ya imani na desturi zao, na matokeo ya mahojiano hayo yakachapishwa kwa Kijerumani katika jarida la Anthropos kuanzia mwaka 1909. Ni kazi yenye thamani kwa historia yetu. Lakini maarifa hayo ya wazee yalisafiri kwenda kwa wasomi wa Ulaya, katika lugha ambayo mtoto wa Mkulwe asingeweza kuisoma, wakati mtoto huyo huyo alikuwa darasani akikariri majibu ya maswali yaliyotungwa mbali naye.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, watoto 490,000 walikuwa katika shule za msingi za Tanganyika, na wengi wao hawakuvuka darasa la nne. Machi 1967 Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alikuwa amefundisha katika shule za Kikatoliki za Tabora na Pugu, alitoa Elimu ya Kujitegemea. Katika waraka huo, jambo la kwanza alilotaka shule imjengee mtoto ni akili ya kudadisi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikazifanya shule za misheni zilizopewa ruzuku kuwa za umma, mlango ukawa mmoja kwa Mkatoliki, Mmoravia, Mwislamu na asiye na dini ya kigeni. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaamuru elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo Novemba 1977. Haya ni mapinduzi makubwa, wala hapana mwananchi mwadilifu atakayeyadharau.

Lakini mabadiliko ya mwenye shule si mabadiliko ya darasa. Walimu wa shule za taifa walikuwa wamefunzwa katika shule zile zile. Madarasa yaliyojaa watoto na kupungukiwa vitabu yaliwarudisha kwenye sauti ya pamoja. Na mtihani wa mwisho uliendelea kuchekecha. Misheni ikaondoka katika hati, njia yake ya kufundisha ikabaki katika mazoea. Tangu miaka ya 1990 mashirika ya dini yamerudi kuendesha shule za msingi zao wenyewe, na tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika shule za umma kuanzia za msingi hadi kidato cha nne. Watoto wamezidi kuwa wengi, na swali la zamani linakaa palepale.

Kwa hiyo tukiutafuta utamaduni wetu katika elimu, tusitosheke na kuweka ngoma katika ratiba ya Ijumaa. Tuutafute katika desturi ya kupeana zamu. Misheni ilituletea herufi, na walimu makatekista walizifikisha vijijini kwa jasho lao. Deni hilo tulikubali. Kilichopotea njiani ni ile haki ya mtoto kumtegea mkubwa, na mkubwa kukiri kwamba ameshindwa, akatoa mji. Haki hiyo haihitaji fedha za kigeni wala majengo mapya ili irudishwe. Yahitaji mwalimu atakayenyamaza kidogo kila siku, akasema, "Tega," kisha akasikiliza.