Kitobozi, si Kiuagramu

Rasimu ya orodha ya istilahi za famasia ilipotufikia tuipitie, kwenye herufi G nikakuta gramisidini imefasiriwa "kiuagramu". Walioiandika walidhani ni gramu ya mizani. Siyo. Gram ni mtu: Hans Christian Gram, tabibu wa Denmark aliyebuni mwaka 1884 njia ya kuwatia bakteria rangi. Wanaoing'ang'ania rangi ya zambarau huitwa Gramu chanya, nao ndio windo la dawa hii. Kipande cha pili ni Kilatini, caedere, yaani kuua. René Dubos alipoipata New York mwaka 1939 kutoka kwa Bacillus brevis, bakteria wa udongoni, Gram alikwisha kufariki mwaka uliotangulia. Kwa tafsiri hiyo, ama tunaua mizani, ama tunamuua marehemu.

Sina ugomvi na kiua-. Kiuadudu na kiuagugu vinatufaa shambani. Lakini jina la namna hiyo humtaja anayekufa, halitaji kazi. Na kazi ya peptidi hii ya asidi amino 15 ni kutoboa: molekuli mbili huungana kichwa kwa kichwa ndani ya utando wa bakteria, zikawa mrija, potasiamu ikavuja kama maji kwenye ndoo mbovu. Basi ni kitobozi.

Wapo wanaocheka kwamba "mtoboaji" ipo na yatosha. Hawajui kuwa toboa ilikuwa na l, na mabaki yake tunayasikia hadi leo katika tobolea, kama ilivyo okoa na okolea. L hiyo ilipokutana na -i ya mtendaji iligeuka z: okoa ikazaa mwokozi, chukua ikazaa mchukuzi. Toboa ina kosa gani hata inyimwe mtoto? Nililieleza hili kikaoni kwa adabu zote. Mwenyekiti akatazama saa: "Ahsante sana mzee wetu, chai imeingia." Baada ya chai wakahamia herufi H.

Kuhusu matumizi, kwa ufupi: ni dawa ya kupaka au matone ya macho, isidungwe, maana hutoboa hata chembe nyekundu za damu. Kitobozi kingemwonya muuguzi. Kiuagramu kitamtuma akatafute mizani.