Deni halizikwi pamoja na mtu: historia ya swali la matanga



Siku ya kumaliza matanga, muzee wa jamaa husimama na kuuliza: nani anamdai marehemu? Na marehemu alimdai nani? Vijana wengine wanaona ni desturi tu. Kumbe swali hilo limetoka mbali.

Katika karne ya 19, misafara kutoka Zanzibar ilifika huku mashariki mwa Kongo kwa mkopo. Matajiri kama Taria Topan walitoa mali, wakangoja kulipwa pembe za ndovu zikirudi. Msafiri akifia njiani, mwenye kumdai alikuwa mbali, hasikii kilio. Misafara hiyo ilileta pia Uislamu, ambao unaamuru deni lilipwe kabla ya kugawa urithi.

Tarehe 30 Julai 1888, serikali ya mfalme Leopold II ilitoa dekreti juu ya mikataba: anayefunga mkataba anawafunga na warithi wake. Lakini kwa Wakongomani wengi, urithi ulibaki chini ya desturi. Mahali pengi ndugu za marehemu walichukua mali, mjane na watoto wakabaki mikono mitupu.

Ndipo ikaja Sheria ya Jamaa, namba 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987. Iliweka watoto mbele. Iliweka pia msimamizi wa urithi: mrithi mwenye umri mkubwa, au, kama huyo amekataa, yule ambaye warithi wanamchagua. Kazi yake ni kutambua warithi, kutunza mali, kulipa madeni ambayo wakati wake umefika, kisha kugawa. Kulipa kwanza, kugawa nyuma.

Hapa Goma jambo hilo limekuwa gumu. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilichoma maduka na nyumba katikati ya mji, na karatasi zilizokuwemo. Vita navyo vimetawanya watu. Anayedai anaweza kuwa Bukavu, Beni ao Uganda, kama wakati wa misafara. Mkigawa kimya kimya na kuuza parseli, siku moja atapiga hodi kwa mjane, na feza imekwisha.

Kwa hiyo tangazo lisiishie kwenye matanga. Lisomwe kanisani, msikitini na redioni; chefu wa avenue ajulishwe. Pangeni siku ya mwisho ya kuja. Anayedai alete karatasi ao mashahidi, jina liandikwe kwenye kaye, na kila malipo yapate saini.

Musisahau swali la pili. Kama marehemu alikuwa kwenye likelemba na zamu yake haijafika, feza aliyotoa ni ya watoto wake.

Muzee akisimama, tunyamaze tumsikilize. Analinda nyumba ya mayatima.