Uvimbe wa mafuta: Je, mionzi inasaidia pale upasuaji usipowezekana?

Mtu ana uvimbe laini begani au mgongoni. Hauumi, na ukiubonyeza unateleza chini ya ngozi. Mara nyingi huo ni uvimbe wa mafuta, ambao madaktari huuita lipoma. Si saratani. Lakini mgonjwa wa moyo au kisukari akiambiwa hawezi kupasuliwa, huanza kujiuliza: je, niende kupigwa mionzi?

Kwa kawaida, hapana. Mionzi hufanya kazi zaidi kwa seli zinazogawanyika haraka, kama za saratani. Seli za lipoma hugawanyika polepole, kwa hiyo uvimbe unaweza kubaki vilevile huku ngozi ya jirani ikiumia. Tena mionzi yenyewe inaweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Hiyo ni hatari kubwa kwa uvimbe usioua.

Basi mgonjwa afanye nini? Kwanza amuulize daktari: siwezi kupasuliwa kwa nusu kaputi tu, au hata kwa ganzi? Lipoma ndogo iliyo chini ya ngozi mara nyingi hutolewa kwa sindano ya ganzi, mgonjwa akiwa macho, na akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Sukari au presha ikiwa juu, hushushwa kwanza kwa dawa. Na uvimbe usiosumbua unaweza kuachwa, ukaangaliwa mara kwa mara.

Mionzi ina nafasi yake pale uvimbe unapokuwa saratani ya mafuta, yaani liposarkoma. Hapo hutumika pamoja na upasuaji, au kupunguza maumivu kama upasuaji hauwezekani. Nchini Tanzania tiba hiyo hutolewa Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza.

Kwa hiyo kabla hujauza ng'ombe kwa ajili ya safari, hakikisha uvimbe umepimwa na umejulikana ni wa aina gani. Nenda kituo cha afya bila kuchelewa ukiona haya:

- umezidi sentimita 5, karibu upana wa vidole vitatu;
- unakua haraka;
- unauma;
- ni mgumu au hausogei.

Usiukande wala usiuchanje kwa wembe. Ukiwa ni lipoma, muda unao. Ukiwa ni saratani, kila mwezi una thamani.