Kikosi cha Ghasia na Imani ya Raia: Fundisho la London

Polisi wa mji mkubwa hawawezi kuwapo kila mtaa kwa nguvu ileile. Ndiyo sababu dola huweka akiba: kikosi chenye magari yake, kinachopelekwa upesi ghasia zinapozuka. Suala la msingi si kasi ya kikosi hicho, bali kinawajibika kwa nani.

Tangu Robert Peel aunde polisi wa London mwaka 1829, imehubiriwa kwamba askari hutegemea ridhaa ya raia. Hata hivyo, katika miaka ya 1960 kiliundwa Special Patrol Group, kikosi kisichofungwa na kituo chochote cha mtaa. Tarehe 23 Aprili 1979, huko Southall, mwalimu Blair Peach alipigwa kichwani katika maandamano ya kupinga wabaguzi wa rangi, akafa. Uchunguzi wa polisi wenyewe ulielekeza kidole kwa askari wa kikosi hicho. Ripoti yake haikutolewa hadharani mpaka mwaka 2010, na hakuna aliyeshitakiwa kwa kifo hicho.

Aprili 1981, huko Brixton, askari waliovaa kiraia waliwasimamisha watu 943 kwa siku chache, zaidi ya nusu yao weusi. Mtaa ukalipuka. Ripoti ya Lord Scarman ilitaja dhiki ya maisha na kuvunjika kwa imani kati ya polisi na wakazi.

Dola ikajibu kwa njia mbili. Sheria ya mwaka 1984 ilitaka upekuzi uandikwe. Papo hapo, wakuu wa polisi walijifunza mbinu za Hong Kong: silaha ya koloni ikarudi nyumbani. Vikosi vikapangwa kwa inspekta 1, masajini 3 na makonstebo 18. Mwaka 1987 Special Patrol Group kikavunjwa, Territorial Support Group kikashika nafasi yake.

Je, matata yalikwisha? Agosti 2011, polisi walipomwua Mark Duggan kwa risasi huko Tottenham, jamaa na majirani walikwenda kituoni kudai maelezo. Hawakupata ya kuwatosha, na ghasia zikaenea. Usiku wa nne askari 16,000 walimwagwa mitaani, London ikatulia.

Hapa pana fundisho kwa kada. Wingi wa askari huzima moto, hauondoi kuni. Jibu la kweli likitolewa mapema mlangoni pa kituo, huenda kikosi kisihitajike kabisa.