Mikese, mbung'o na jicho la mdudu

Baada ya Morogoro kuangukia mikononi mwa Waingereza mwezi Agosti 1916, kituo cha reli cha Mikese kiligeuka kuwa lango la vita. Shehena zilishushwa hapo na kupelekwa kusini, mashariki ya Milima ya Uluguru, hadi Tulo na Duthumi. Farasi, baghala na ng'ombe wa jeshi walikufa kwa maelfu, wengi wao kwa nagana inayoenezwa na mbung'o. Mnyama alipoanguka, mzigo ulihamia kichwani mwa Mwafrika. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa katika vita ile yote walikaribia 100,000.

Vitabu vingi vya vita hiyo humtaja mbung'o kama vinavyoitaja mvua: balaa lisilo na maelezo. Mimi sikubaliani navyo. Mbung'o ana macho, hutafuta, huchagua. Huko Shinyanga, chini ya Charles Swynnerton, watafiti wa enzi ya Waingereza walilijua hilo: wafanyakazi wawili walibeba kitambaa cheusi porini, na mbung'o wakakifuata, kwani huvutwa na kitu kikubwa cheusi kinachotembea. Hata hivyo, sera ya serikali ilielemea kufyeka misitu na kuwahamishia wananchi katika makazi ya malale. Ilikuwa rahisi zaidi kumwamuru mwanakijiji kuliko kumwelewa mdudu. (Tabia hiyo, watumishi wenzangu wa umma, haikuondoka na mkoloni.)

Baadaye mitego ya kitambaa cha bluu ilionyesha kwamba rangi nayo ina uzito. Kisiwani Unguja, kati ya 1994 na 1997, mbung'o walitokomezwa kwa kuachia madume waliofugwa Tanga na kuhasiwa kwa mionzi. Vibao vya gundi vya bluu na vyeupe vilitumika kuhakiki.

Leo kuna uhalisia pepe. Mwaka 2020 watafiti wa Bengaluru, India, walichapisha kazi yao: nzi wa tufaha hushikizwa mahali pamoja, akizungukwa na skrini, na kila anapojaribu kugeuka, miti ya kompyuta husogea mbele yake. Hivyo hupimwa jinsi anavyotambua kilicho karibu na kilicho mbali.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo hakiko mbali na Mikese. Sioni kwa nini skrini kama hizo zisiwekwe hapo kwa ajili ya mbung'o, ilhali wafugaji wa Morogoro ndio wanaoishi naye.